Nilimwambia, akanijibu "sawa"

Shikamoo shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, wala sikudhani kama siku moja nami ningekuandikia. Nina miaka 34, huu ni mwaka wa tisa nimeolewa, na tuna binti mmoja wa miaka saba. Mume wangu si mlevi, hanipigi, na kama ana mambo ya nje basi mimi siyajui. Nikimsimulia mtu shida yangu huniona sina shida. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Miezi minane iliyopita nilijigusa nikakuta uvimbe kwenye titi. Hospitali walinipima, wakachukua kinyama kidogo kwenda kukichunguza, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu. Mume wangu aliyajua yote hayo. Zile wiki mbili sikulala. Nilikuwa nalala chali namsikiliza anavyopumua, najiuliza ni nani atakayemsuka mwanangu nikiwa sipo.

Usiku wa kuamkia siku ya majibu alikuwa ameketi sebuleni, ameinamia kiatu cha mtoto, anagundisha soli. Nikasimama mlangoni. Nilikaa pale kitambo nikimtazama, halafu nikamwambia, "Kesho nakwenda kuchukua majibu." Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sawa." Nikangoja, nikidhani ataongeza neno. Alipoona bado nimesimama akaniuliza kama mtoto ameshalala. Nikamwambia ameshalala, nami nikaenda kulala.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Juu ya meza nikakuta ameniwekea kadi yangu ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, na ule mwavuli wetu wa zamani uliovunjika njiti, safari hii njiti imefungwa kwa waya. Basi, ndiyo ilikuwa kwaheri yangu. Shangazi, niliviangalia vile vitu nikalia. Niliona kama naambiwa, chukua vyako uende.

Nilikwenda peke yangu. Daktari akaniambia uvimbe si saratani. Nilitoka mle ndani miguu inatetemeka, nikakaa kwenye benchi, na pembeni yangu alikuwepo mwanamke ameshikwa mkono na mumewe. Mchana mume wangu akaniandikia ujumbe: "Vipi?" Nikamjibu: "Niko sawa." Akarudisha: "Tumshukuru Mungu." Hatujawahi kulizungumza tena mpaka leo.

Sikumgombeza. Niliacha tu kuongea naye. Sasa tunaandikiana ujumbe hata tukiwa nyumba moja: nani atamchukua mtoto, bili imelipwa, mgeni anafika lini. Mengine namtuma mtoto. Juzi nilimwambia binti yangu, "Kamwambie baba simu yake inaita." Akasimama, akaniuliza, "Mama, nikaseme kama umekasirika au kama hujakasirika?" Nilijifungia bafuni.

Dada yangu ananiambia nikae na mume wangu tuzungumze. Tuzungumze nini? Nilimwambia wazi kwamba nakwenda kuchukua majibu. Mtu aliyeishi nami miaka tisa anashindwaje kujua kwamba naogopa kufa? Anayekupenda hahitaji kufundishwa. Nimefika mahali najiuliza kama nina mume au nina mpangaji mwenzangu. Niendelee kukaa kimya mpaka ajue mwenyewe alichokosa, au nianze kufikiria kuondoka? Tafadhali jina langu lisitajwe.

*

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Kabla ya yote nakupa pole ya zile wiki mbili, maana naona hakuna aliyekupa. Uvimbe haukuwa saratani, ndiyo, lakini hofu uliyoibeba ilikuwa hofu kamili, haikupungua uzito kwa sababu majibu yalitoka mazuri. Ulikaa na kifo kitandani siku kumi na nne bila mtu wa kukusaidia kukitazama. Hilo si jambo dogo, na yeyote anayekuambia huna shida hajaielewa barua yako.

Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, na kila mara narudi palepale mlangoni ulipokuwa umesimama. Unaniambia ulimwambia wazi. Hebu tuyatazame maneno yenyewe, uliyaandika kama yalivyo: "Kesho nakwenda kuchukua majibu." Ni maneno manne. Neno "naogopa" halimo. "Twende wote" haimo. "Sijalala wiki mbili" haimo. Kwako wewe yote hayo yalikuwemo, na nakuamini kabisa. Ulipoitamka ile sentensi ulikuwa unasikia kila kitu ndani yake. Ndipo shida yenyewe ilipolala, mwanangu.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aitwaye Elizabeth Newton alifanya jaribio rahisi mno. Aliwapa watu orodha ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu, akamtaka mmoja achague wimbo na kuugonga mezani kwa kidole, mapigo yake tu, na mwenzake aliyeketi karibu autaje. Kabla ya hapo wagongaji waliulizwa: mnadhani wenzenu watapatia mara ngapi? Walikisia nusu. Ziligongwa nyimbo 120. Zilizotajwa sawasawa zilikuwa tatu.

Tatu, mwanangu. Na wagongaji walishangaa, maana wao walikuwa wanausikia wimbo mzima kichwani: sauti, vyombo, kiitikio. Hawakuweza kuamini kwamba aliyekaa hatua moja kutoka kwao alikuwa anasikia ko, ko, ko, na basi.

Usiku ule wewe uligonga meza. Wimbo ulikuwa kichwani mwako, umejaa majina ya watu watakaokuja msibani na nywele za mtoto zisizosukwa. Yeye, akiwa ameinamia kiatu, alisikia taarifa ya ratiba.

Utaniambia: huyo ni mume, si mtu wa kuokotwa kwenye jaribio. Nakuelewa, hata mimi zamani nilidhani hivyo. Lakini mwaka 2011 Kenneth Savitsky na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanandoa na kwa watu wasiojuana, wakiwapa sentensi zenye maana zaidi ya moja waone nani ataelewa mwenzake alikusudia nini. Wanandoa walikuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba wanaelewana. Kuelewana kwenyewe hawakuwazidi wale wasiojuana. Nadhani ni kwa sababu mgeni tunamfafanulia, tunamtazama usoni kuona kama amepata. Yule wa nyumbani tunamwachia nusu ya sentensi tukiamini nusu nyingine anayo tayari.

Sasa tuje kwenye lile neno "sawa", maana barua yako imejaa "sawa".

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa mzito na ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Kutoka kwenye mojawapo yakasikika redioni maneno ambayo yangeweza kumaanisha "tuko tayari mahali pa kurukia", na yangeweza pia kumaanisha "ndiyo tunaruka". Mwongoza ndege akaelewa la kwanza. Akajibu "OK", kisha akaongeza kwamba wangoje mpaka awaite. Lile la kungoja likagongana hewani na sauti ya ndege ya pili, halikufika vizuri. Kilichofika vizuri ni OK. Watu 583 walikufa. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, ila neno lile ni mojawapo, na baadaye taratibu za redioni zilikazwa: maelekezo ya njia ya kurukia hayajibiwi kwa "sawa" tupu. Rubani anayarudia kwa kinywa chake, na aliyeyatoa anasikiliza kama yamerudi yalivyotoka.

Sikuleta habari hii nikuogopeshe, wala silinganishi ndoa yako na ajali. Nimeileta kwa sababu "sawa" ni neno linalofunga mazungumzo huku kila mmoja akibaki na maana yake. Mume wako alisema "sawa" akimaanisha nimesikia unakokwenda. Wewe ukasikia hainihusu. Kesho yake nawe ukaandika "Niko sawa". Nadhani ulimaanisha nimepona kifo na wewe hukuwepo. Yeye akasoma kwamba uko sawa. Akamshukuru Mungu. Angefanya nini kingine?

Hapa naomba univumilie, maana nakwenda kugusa kitu ulichokiandika kwa machozi. Ule mwavuli. Umesema njiti ilikuwa imevunjika, na asubuhi ile ukaukuta umefungwa kwa waya. Nani aliufunga? Usiku ulipokwenda kulala haukuwa mezani. Kadi ya hospitali nani aliitafuta, na nani alifikiria kuitia kwenye plastiki isilowe? Mtu asiyejali anaondoka kazini mikono mitupu. Huyu wako, ama usiku ule baada ya kumaliza soli ya kiatu ama alfajiri kabla hajatoka, aliketi na kipande cha waya akatengeneza mwavuli wa mtu anayekwenda hospitali. Sikuambii kwamba hilo lilitosha. Halikutosha, wewe ulihitaji mkono wa kushika. Nasema tu kwamba huenda ulimwambia kuna safari, naye akakuandalia safari.

Huenda. Mimi simjui mume wako, na wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Pia sitaki uone namtetea. Mke wako anaposimama mlangoni na kusimama tu bila kuondoka, kiatu kinawekwa chini. Unauliza, "Vipi, una wasiwasi?" Hakuuliza, na hilo ni kosa lake. Inawezekana naye aliogopa kiasi kwamba alishika kitu chenye gundi ili asikushike wewe akatetemeka. Wapo wanaume wengi waliokuzwa hivyo, hofu yao inakwenda mikononi, haiji mdomoni. Ila hayo ni makisio, na makisio ndiyo yaliyowafikisha mlipo. Anayejua ni yeye, na hajaulizwa.

Kuhusu ujumbe wa simu nitasema kidogo tu. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliandika sentensi kwa barua pepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wakaulizwa kama wasomaji watazitofautisha. Waandishi walitarajia wasomaji wapatie mara 78 kati ya 100. Walipatia 56, na ukikisia kwa kurusha sarafu unapata 50. Waliosikia sauti ya msemaji ndio walikaribia kile kilichotarajiwa. Sasa ifikirie "Vipi?" yako ile. Herufi nne na alama ya kuuliza. Huenda aliiandika mkono unatetemeka, huenda aliiandika akiwa kwenye foleni ya kitu kingine. Kwenye kioo cha simu inafanana. Ratiba ya mtoto na bili viandikieni ujumbe, hakuna ubaya. Habari ya titi lako haiandikwi kwa herufi nne, wala haijibiwi kwa "niko sawa".

Lililoniuma kuliko yote ni la binti yako. Mtoto wa miaka saba amekuuliza aseme kwa sauti gani. Maana yake ameshajifunza kwamba katika nyumba yenu maneno ni kitu kimoja na ujumbe ni kitu kingine, na kwamba kazi yake ni kubeba vyote viwili bila kumwaga. Ni mzigo mzito kwa kichwa kidogo vile. Leo hii, hata kabla hujaamua lolote kuhusu baba yake, acha kumtuma. Simu ya mume wako ikiita, nenda mwenyewe umwambie. Usipofanya jingine lolote nililokuandikia, fanya hilo.

Sasa dada yako anakuambia mzungumze, nawe unauliza mzungumze nini. Nakujibu: usiende kuzungumza "ndoa yetu". Ni jambo kubwa mno, mtazunguka mpaka asubuhi. Nenda na ule usiku mmoja. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakijadiliana, pamoja na mwenzake Sybil Carrère, walirekodi mazungumzo ya robo saa ya wanandoa wapya 124 wakijadili jambo walilokosana, wakawafuatilia miaka sita. Mwaka 1999 walieleza kwamba dakika tatu za mwanzo pekee ziliwatosha kubashiri kwa kiasi kikubwa nani wangeachana. Si kwamba dakika tatu zina uchawi. Mazungumzo yakianza na shutuma, aliyeshutumiwa anajenga ukuta, na baada ya hapo unaongea na ukuta.

Najua sentensi uliyonayo tayari kooni, maana umeikuza miezi minane: "Wewe hujawahi kunijali." Hiyo, iache. Akiisikia atatafuta siku aliyokujali, ataipata, mtabishana kuhusu siku hiyo. Ukisema "niliogopa", hana cha kubishia. Hakuna anayeweza kukuambia hukuogopa.

Mimi ningesema hivi, nawe uyageuze yawe ya mdomo wako: "Usiku ule uliokuwa unagundisha kiatu, niliogopa kufa. Nilitaka uje nami hospitali. Sikukuambia hivyo, nilisema tu nakwenda. Ulipojibu sawa nikadhani hujali, na mpaka leo naumia." Ishia hapo. Usiongeze. Utatamani sana kuongeza, hasa kama atanyamaza, lakini ukimya wa mtu anayepokea jambo zito si ule wa mtu aliyekataa. Mpe dakika. Mtoto awe ameshalala, simu zenu ziwe chumba kingine, na asiwe ameingia muda huo kutoka kazini. Kama sauti zitapanda na moyo ukaanza kwenda mbio, mwambie unapumzika kidogo na utarudi, kisha kweli urudi, usiku uleule. Msiiache mpaka kesho, kwenu nyinyi kesho inageuka miezi minane.

Akishasema lake, fanya kama rubani. Mrudishie: "Kwa hiyo unasema ulidhani napenda kwenda peke yangu?" Si kwa kumhoji, kwa kutaka kujua kama umempata. Mara nyingi hapo ndipo mtu anasema, "Hapana, siyo hivyo," na kile kinachofuata baada ya "siyo hivyo" ndicho ulichokuwa unakitafuta muda wote. Naye umwombe afanye hivyohivyo kwa maneno yako. Mara ya kwanza mtajiona kama mnaigiza. Endeleeni tu.

Hilo la kwamba anayekupenda hahitaji kufundishwa, mwanangu, sikubaliani nawe, na nakuambia kwa upendo. Mama yako alikupenda tangu hujazaliwa, na bado ulilia usiku akabahatisha: ni njaa, ni tumbo, ni joto? Upendo ulimfanya aamke. Haukumwambia unalilia nini. Miaka tisa imempa mume wako tabia zako: unavyotembea, unavyofunga mlango. Kilichomo kichwani mwako usiku wa saa nane hakijui mpaka ukitamke.

Kuhusu kuondoka sitakujibu sasa, kwa sababu unaniuliza umwache mtu kwa kosa ambalo hajawahi kuambiwa kwamba alilifanya. Mwambie kwanza. Akikusikiliza, hata kwa kigugumizi, hata akichukua siku mbili kurudi na neno, mna pa kuanzia. Akikucheka, akakuambia unapenda kulialia, akaidharau hofu yako ukiwa umeiweka mezani, hiyo ni habari nyingine kabisa, na hapo niandikie tena tuongee kwa namna nyingine. Dharau haifanani na kutokuelewa, na Gottman huyohuyo aliiweka juu ya dalili zote za ndoa inayovunjika. Ila katika barua yako nimeona kimya kingi. Dharau sijaiona.

Na mkishamaliza kuusema ule usiku, kabla hujainuka kwenye kiti, muulize ule waya wa mwavuli aliufunga saa ngapi. Muulize alikuwa anawaza nini alipokuwa anaufunga. Kisha nyamaza, umwache ajibu mpaka mwisho.